Tanga Baada ya Amarillo

Nimestaafu. Acheni kucheka. Nasema nimestaafu, na haki za mstaafu ninazo zote: kuongea hadi watu wasinzie, kurudia hadithi, na kuwaambia kwamba zamani kazi zilikuwa kazi. Zamani ni mwaka jana.

Mwalimu Zubeda wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi, hapa mtaa wa La Rochelle, Johannesburg, aliomba wazee waandike kuhusu kazi zao ili nyinyi wadogo mjifunze. Wazee wote wako kazini. Mstaafu pekee aliyepatikana ni mimi, miaka kumi na saba, Gredi ya Kumi na Moja. Kwa miaka minne nimechora vibao na Mjomba wangu Mbwana, kila Jumapili na kila likizo, gereji ya uani kwake, mtaa wa Bertrams. Kisha nikafukuzwa. Mjomba hapendi neno hilo. Anasema alinistaafisha.

Basi sikilizeni, na mkiona nimepandisha sauti, mjue nina sababu.

Jambo la kwanza kulijua kuhusu kazi yetu: nusu yake ni Amerika. Mjomba alijifunza kuchora vibao Tanga, akaja na kazi hiyo Joburg akidhani atachora saluni, viduka vya spaza na makanisa. Anavichora hivyo. Lakini kinacholeta unga nyumbani ni ile ngao nyeupe yenye namba 66. Mmeiona. Iko kwenye kila duka la baga, kila kinyozi mwenye ndevu, kila gereji ya pikipiki. Ni alama ya barabara moja ya Amerika iliyotoka Chicago ikaenda hadi baharini, Santa Monica. Nimeandika hiyo 66 mara nyingi kuliko jina langu.

Na sita ni ngumu, msidanganyike. Unaweza kuchora sita moja ikapendeza kama bibi harusi. Shida ni ya pili. "Nataka mapacha," Mjomba alikuwa akisema, "wewe umenichorea mtu na shemeji yake." Dawa yake ni karatasi. Unachora sita moja nzuri kwenye karatasi, unaitoboa kwa sindano kufuata mstari, unaibandika kwenye bati na kuipiga na kitambaa chenye vumbi la mkaa. Ukiondoa karatasi, vidoti vimebaki, na brashi inafuata vidoti. Mkono wa kulia unauegemeza kwenye fimbo, usije ukatetemeka. Na siku kukiwa na mechi uwanjani Ellis Park, acha brashi, osha mikono, kanywe chai, maana watu elfu hamsini wakipiga kelele pamoja hakuna fimbo itakayokusaidia.

Ukimaliza kibao kizuri, kipya, kinang'aa, ndipo kazi inaanza: kukiharibu. Mteja hataki kipya. Anataka kilichokaa jangwani tangu babu yake avae kaptula. Unachukua siki, chumvi, na ile dawa ya duka la dawa inayotoa povu kwenye kidonda. Unachanganya, unapuliza mahali ulipokwangua rangi kwa msasa, unaweka juani. Kabla ya adhuhuri una kutu ya miaka sitini. Mwaka wangu wa kwanza niliachiwa vibao vinane nivizeeshe, nikapuliza, nikapuliza tena, nikamaliza chupa tatu za siki, vibao vikabaki na uso wa mtoto mchanga. Kumbe nilikuwa nimechukua mabati ya kuezekea, yale yaliyopakwa zinki yasipate kutu. Nilikuwa nayaomba yafanye jambo ambalo yalitengenezwa kukataa. Gereji yote ikanuka kachumbari wiki nzima. Mke wa Mjomba akatulisha nje.

Hayo ni makosa ya kucheka. Sasa niwaambie la kukasirisha.

Wateja hutaka matundu ya risasi.

Ndiyo. Kuna watu hapa Johannesburg, mji ambao mama yangu akisikia mlango wa gari umegongwa anatulaza chini ya meza, wanaoagiza kibao chenye matundu ya risasi. Eti huko Amerika watu walikuwa wakipita na bunduki wanalenga vibao. "Sita, tafadhali, na moja liwe karibu na herufi." Mjomba alinifundisha: laza bati juu ya mfuko wa mchanga, piga patasi ya duara kutoka mbele, ili ukingo wa tundu uelekee nyuma kama risasi ya kweli, halafu banduabandua rangi kidogo pembeni. Nilikuwa hodari. Lakini kila nikipiga nyundo nilikuwa najiuliza: kwa nini tundu la risasi la Amerika ni pambo la ukutani, na la mtaani kwetu ni sababu ya kutokuja kututembelea?

Mjomba hakuwa na shida na matundu. Wala kutu. "Hayo ni mapambo," alisema. "Mtu akivaa ndevu bandia hajamwibia mtu." Alikuwa na sheria moja tu, na hiyo hakuwa na mzaha nayo: kibao kisidanganye njia. Mshale uelekee panapoelekea. Jina la mji liwe la mji. Maili ziwe maili.

Sheria hiyo ina kaburi. Akiwa kijana wa umri wangu, Tanga, Mjomba alipewa kazi ya kibao cha njiapanda. Akachora kwa haraka, akaenda kucheza bao. Mshale wa Muheza aliuelekeza njia ya Pangani. Siku mbili kibao kilisimama hivyo. Siku ya pili ikapita lori ya waombolezaji wa kwenda Muheza, kutoka mbali, dereva mgeni, akafuata mshale. Walipogundua na kurudi, maiti alikuwa ameshazikwa. Ndani ya lori alikuwemo mtoto wa marehemu. Hakutia hata konzi moja ya mchanga kwenye kaburi la baba yake. Mjomba alikwenda kumwomba radhi, na yule mtu alimwambia, "Nimekusamehe," halafu akaendelea kutazama ukuta. Mjomba akisimulia hapo huacha brashi. Ndiyo maana pia tangu siku hiyo kila kazi yake huitia sahihi, chini upande wa kulia, herufi ndogo: MBWANA WA TANGA. Wachoraji wengi wa kwetu hutia jina ili wapate wateja. Yeye hutia ili likitokea kosa ajulikane wa kulaumiwa.

Shikeni hiyo sahihi. Ndiyo iliyonistaafisha.

Mwaka jana akatujia Craig. Ni mtu mwenye kofia ya ng'ombe, viatu vya ng'ombe, na sijui ng'ombe mwenyewe alimwacha wapi. Alikuwa anafungua mgahawa kaskazini mwa jiji na alitaka ukuta mzima: ramani ya Barabara ya 66, majimbo manane, miji yote, na pembeni yake maelezo ya historia. Craig huongea Kiingereza. Hapa nawatafsiria bure.

"Mimi barabara hiyo nimeiendesha yote," alisema. "Mwanzo hadi mwisho. Naijua kama kiganja changu."

Mjomba aliniambia, "Huwezi kuchora njia usiyoijua. Nenda maktaba." Nikaenda. Nilidhani nitasoma kuhusu magari marefu na maziwa ya barafu. Yamo. Ilipewa namba yake mwaka 1926, ikashonwa kwa vipande vya barabara zilizokuwepo, ikipita katikati ya miji midogo, na kila mji ukaweka taa za rangi na vibao vya ajabu ili msafiri asimame ale. Ndiyo siri ya sifa yake: haikukwepa watu. Kisha zikajengwa barabara kuu zilizonyooka, magari yakaacha kusimama, miji ikakauka mmoja mmoja. Mwaka 1985 ikafutwa kabisa kwenye orodha ya serikali. Ilipokufa ndipo watu wakaanza kuipenda. Wanaiba vibao vyake hadi mahali pengine ngao imechorwa barabarani kwenye lami, maana lami haiibiki. Na sisi Bertrams tunakula kwa marehemu huyo.

Lakini nilisoma na mengine. Kwamba miaka ya thelathini ukame na vumbi viliua mashamba, na watu wakafunga magodoro juu ya gari, wakaweka bibi na watoto, wakaifuata barabara hiyo kwenda California kutafuta vibarua. Walipofika mpakani walikuta polisi wakiwarudisha wasio na kitu. Walitukanwa kwa lafudhi yao. Waliambiwa wameleta magonjwa, wamekuja kuchukua kazi za watu. Na kwamba mtu mweusi aliyesafiri barabara hiyo alibeba chakula chake na orodha ya nyumba zitakazompokea, kwa sababu hoteli nyingi zenye taa nzuri hazikumtaka, na kuna miji iliyomtaka awe ameshaondoka jua likizama.

Nilimsomea Mjomba. Alikuwa anachanganya rangi. Akaacha kukoroga, akasema, "Kumbe ni sisi."

Mjomba alikuja kwa barabara. Tunduma, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge. Siku kumi na moja, na brashi zake amezifunga ndani ya soksi. Barabara iliyotuleta haina fulana. Haina kikombe. Haina hata sumaku ya friji. Mtu atakaa chini ya picha ya familia yenye godoro juu ya gari, atatikisa kichwa, "wale watu walikuwa mashujaa," atalipa, atatoka nje, na yule mgeni anayemlindia gari atamtukana kwerekwere, yaani mhamiaji asiyetakiwa. Ni mimi tu ninayeona kinyaa?

Nikaandika maelezo yote, mazuri na mabaya, sawasawa. Craig akaja na kalamu nyekundu.

"Hii ya polisi mpakani, toa."

"Ndivyo ilivyokuwa, Bwana Craig," nikasema.

"Watu wanakula, kijana. Na hii ya hoteli, toa. Hii ya vumbi, iache, ila iwe fupi. Weka uhuru. Weka upepo kwenye nywele."

Nikaweka upepo kwenye nywele. Eish, nilijichukia. Ukuta ulituchukua wiki tatu za likizo na ulitoka mzuri kuliko kazi yoyote ya Mjomba: milima, mashamba, jangwa jekundu, barabara inapinda kama utepe, yote juu ya mabati tuliyoyatia kutu na matundu. Siku ya mwisho Mjomba alipiga goti, akaandika chini kulia: MBWANA WA TANGA.

Craig akainama akasoma. "Hiyo futa."

"Ni sahihi yangu," Mjomba akasema.

"Naelewa, rafiki yangu. Lakini watu wanakuja hapa kuwa Amerika. Wakiona hilo wanarudi Johannesburg."

Mjomba alisema, kwa upole, kwamba yeye huacha jina kwenye kila kazi. Craig alisema kwa upole zaidi kwamba ukuta ni wake. Mjomba akachovya kitambaa kwenye tapentaini, akafuta. Mimi nilikuwa nimeshika fimbo. Niliona mkono wake, ule usiotetemeka hata uwanja ukilipuka, unafuta jina lake polepole kuanzia herufi ya mwisho.

Akaenda kuosha brashi. Nami nikabaki na hasira na brashi namba mbili.

Kati ya Amarillo na Tucumcari palikuwa na nafasi tupu, jangwa tu. Nikaweka kidoti. Pembeni yake, kwa herufi zilezile za miji mingine, nikaandika TANGA. Nikaipuliza na siki isionekane mpya. Nilijiambia: mtu anayeamini kuna mji unaitwa Tucumcari ataamini chochote. Nilijiambia pia kwamba nimemrudisha Mjomba ukutani. Nilijisikia mwerevu sana. Wadogo zangu, mkijisikia werevu hivyo, tupeni brashi mkimbie.

Siku ya ufunguzi, saa saba mchana, tulirudi kutundika mshale mkubwa wa balbu juu ya mlango wa jikoni. Mjomba alikuwa juu ya ngazi, mimi chini nimeishikilia. Mgahawa umejaa. Craig akaanza kuwatembeza wageni wake kumi hivi mbele ya ukuta, akinyoosha kidole mji kwa mji. Dada Furaha, mhudumu kutoka Bujumbura, alikuwa anapita na sinia la vinywaji.

"Hapa Amarillo nililala," Craig alisema. "Na hapa... hapa Tanga. Kimji kidogo. Kituo kimoja cha mafuta. Kuna mama mmoja pale anapika pai ya tufaha, sijawahi kula nyingine kama hiyo."

Dada Furaha alisimama. Glasi zikagongana. Akaninong'oneza, "Petit, mdogo wangu, huyu patron, bosi wetu, amekula pai wapi?"

"Nyamaza, Dada."

"Tanga hii si ile ya kwenu?"

Ngazi ikatikisika. Mjomba alikuwa anashuka, hatua kwa hatua. Alinipita, akaenda hadi ukutani, akatazama, akarudi. Nilingoja kicheko. Nyinyi mngengoja pia. Yule mtu hajawahi kukanyaga barabara hiyo! Amejivua nguo mwenyewe mbele ya watu!

"Nani kaandika?" Mjomba aliuliza.

"Mimi, Mjomba. Alikufutisha jina. Nimekulipizia."

"Umenilipizia kwa kuweka mji pasipokuwa na mji."

"Ni ukuta tu, Mjomba. Nani atapotea?"

Akaninyooshea kidole hao wageni kumi waliokuwa wanatazama jangwa la Texas wakitafuta pai. "Hao," akasema. "Wewe utawatazama wakipotea, na utacheka. Twende."

"Wapi?"

"Kusema."

"Atakasirika, Mjomba. Atakunyima mgahawa wa pili." Craig alikuwa ameahidi ukuta mwingine, wa mgahawa wake wa pili.

"Twende, mwanangu."

Alisimama mbele ya Craig, amevua kofia. "Samahani, Bwana Craig. Kuna kosa kwenye kazi yangu. Mji huu hauko hapa."

"Mji upi?"

"Tanga."

Chipsi zilisikika zikikaangwa jikoni. Mama mmoja mgeni, mwenye miwani mikubwa, akauliza, "Craig, na ile pai?"

Craig akawa rangi ya mchuzi wa nyanya. "Labda ulikuwa mji wa jirani."

"Tanga ipo," Mjomba akasema, na naapa hakuwa anamdhihaki, alikuwa anamsaidia. "Ni kwetu, Tanzania. Kijana wangu ameiweka mahali siyo. Tutaifuta leo hii."

Yule mama akamgeukia. "Kwa hiyo huu ukuta ni wewe umeuchora? Wote?"

"Mimi na huyu."

"Mbona haujaandikwa jina?"

Mjomba alimtazama Craig, bila kumkazia macho, kama unavyomtazama mtu aliyeshika mlango. Wageni wote nao wakamtazama Craig. Mimi nilikuwa na sentensi nne tayari mdomoni, zote kali. Mjomba akanikanyaga mguu.

"Angeweza kuandika," Craig akasema mwishowe. "Ungeniambia tu, Mbwana."

"Nilikuambia, Bwana Craig."

"Basi... sawa, sharp. Andika."

Mjomba akaniomba rangi ya jangwa. Akaifuta Tanga mwenyewe, kwa uangalifu, hadi usijue palikuwa na kitu. Kisha akapiga goti chini kulia, nami nikamshikia fimbo, wageni wamesimama nyuma yetu na glasi zao. Akaandika MBWANA. Nikangoja "wa Tanga". Akaandika BERTRAMS.

"Mjomba, umekosea," nikanong'ona.

"Kibao kinasema kimetoka wapi. Hiki kimetoka Bertrams."

Nilichukua chupa ya siki, nikauliza nipulize wapi. Akanipiga kofi mkononi. "Weka chini. Na brashi zangu weka chini. Wewe umestaafu, kasome, mtihani unakuja. Ukijua kuvumilia jina lako kufutwa bila kuharibu njia ya mtu, urudi."

Ukuta wa pili Craig hakutupa. Dada Furaha ananiambia siku hizi anawasimulia wageni alikula pai Tucumcari, na hilo siwezi kulipinga, sijafika. Mjomba anachora ngao zake peke yake, na nasikia sita zake za pili zimeanza kuwa shemeji, maana mimi ndiye niliyekuwa natoboa karatasi.

Mkienda pale, msisimame kwenye jangwa. Nendeni chini kulia, juu ya swichi ya taa, mchuchumae. Ukuta mzima una kutu, matundu na miaka sitini ya uongo. Herufi zile mbichi, nyeusi, ambazo hakuna aliyezipuliza kitu, ni za Mjomba wangu.